UZI: Kupima kusoma na kuandika darasa la kwanza na la pili – leteni karatasi zenu tuzikosoe

#1 chaki_nyeupe

Wakuu, habari za kazi.

Muhula ukikaribia kwisha, mtihani wa kusoma wa madarasa ya chini huwa ni ule ule: "zungushia silabi", "oanisha neno na picha", "jaza herufi iliyokosekana". Watoto wote wanaketi, wanaandika, wastani unatoka mzuri. Januari mwalimu wa darasa la tatu anapokea watoto ambao sentensi moja inawashinda, anaanza kumlaumu mwenzake.

Mtihani ule haukupima kusoma. Swali lenye picha tatu limegawa theluthi ya alama bure kwa anayebahatisha, na dawati la watoto wanne limegawa zilizobaki. Kusoma kunapimwa kwa sikio: mtoto mmoja, karatasi moja, mpimaji mmoja anayesikiliza.

Naweka hapa muundo unaofuata EGRA, ule upimaji wa kusoma wa madarasa ya chini ulioandaliwa na RTI, shirika la utafiti la Marekani, mwaka 2006 kwa ufadhili wa USAID, ambao ndio msingi wa upimaji mwingi wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) hapa kwetu Tanzania. Mahitaji ni karatasi ya mtoto (haina maelekezo yoyote, maandishi tu), karatasi ya mpimaji yenye maandishi yale yale na nafasi ya kuweka alama, simu ya kuhesabu sekunde, na penseli.

Sehemu zenyewe:

Sauti ya mwanzo, kwa mdomo tu. "Neno *meza* linaanza na sauti gani?" Maneno 10. Jibu ni /m/, si "em" wala "me". Mfano ufanyike kwanza kwa maneno mawili yasiyo na alama.

Silabi 100, mistari kumi ya silabi kumi, sekunde 60.

Maneno bandia 50 (yasiyo na maana yoyote), sekunde 60.

Hadithi ya maneno kama 50, sekunde 60, kisha maswali matano ya mdomo.

Imla. Hii ifanyike darasa zima kwa pamoja.

Sheria za kuweka alama ndizo zinazovurugwa zaidi, kwa hiyo nazieleza. Silabi au neno lililokosewa likatwe kwa mstari mshazari. Mtoto akijirekebisha mwenyewe ni sahihi. Kama ulishakata, zungushia ule mstari. Akiruka mstari mzima, mstari wote ni makosa. Akinyamaza sekunde 3, mwonyeshe kinachofuata kwa kidole, useme "endelea", uhesabu kosa. Akikosa zote kumi za mstari wa kwanza, simamisha sehemu hiyo, andika sifuri, nenda sehemu nyingine; hakuna faida ya kumtesa. Sekunde zikiisha, weka mabano baada ya neno la mwisho alilosoma. Na usiseme "sahihi" wala "hapana". Sema "endelea", kwa uso ule ule kwa wote.

Hesabu: (alizosoma – alizokosa) × 60 ÷ sekunde alizotumia. Mtoto aliyefika neno la 38 dakika ikaisha, na makosa 5, ana maneno sahihi 33 kwa dakika. Aliyemaliza maneno yote 50 kwa sekunde 48 na makosa 2 ana 48 × 60 ÷ 48, yaani 60. Ukisahau kuandika sekunde zilizobaki, huyu wa pili atahesabiwa 48, na watoto wako bora wote watabanwa wasivuke 50.

Hadithi ya mfano:

*Asha ana kuku mmoja. Kuku wake ana vifaranga saba. Kila asubuhi Asha huwapa chenga za mchele. Jana mwewe alikuja. Kuku alilia kwa sauti kubwa. Vifaranga walikimbia na kujificha chini ya mbawa za mama yao. Asha alitoka mbio akarusha jiwe. Mwewe aliruka akaenda zake. Asha alihesabu vifaranga. Wote saba walikuwa salama.*

Maneno 50 kamili. Maswali, na neno ambalo mtoto lazima awe amelifikia ndipo aulizwe:
1. Kuku wa Asha ana vifaranga wangapi? (neno la 9)
2. Asha huwapa nini asubuhi? (16)
3. Kwa nini kuku alilia? (24)
4. Vifaranga walijificha wapi? (34)
5. Kwa nini Asha alihesabu vifaranga? (50)

Karatasi iondolewe mbele ya mtoto kabla ya maswali. Kosoeni.

#2 mama_wawili

Samahani kwa swali la mzazi. Kwa nini kutunga hadithi mpya na vitabu vya kiada vipo? Mtoto si asome kile alichofundishwa?

#3 silabi_mwambatano

@mama_wawili swali zuri, na jibu utalipata nyumbani leo. Mfungulie mtoto ukurasa ambao darasa lake limeusoma wiki nzima, kisha funika maandishi uache picha. Ukisikia anaendelea "kusoma" bila kusita, hapo hapana kusoma, pana kukariri. Darasa la watu 80 linalosoma kwa kuitikia kwa pamoja hutoa watoto wanaojua ukurasa mzima kwa wimbo.

Njia nyingine: mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa ule ule. Anayekariri ataanza sentensi toka mwanzo kimyakimya mpaka alifikie. Midomo inamuumbua.

@chaki_nyeupe muundo ni mzuri, ila silabi 100 umezitaja juujuu na ndipo palipo na mambo. Watoto wetu wamefundishwa *ba be bi bo bu* kwa mpangilio huo. Ukiandika mstari wenye *ba, be, bi*, atamaliza safu kwa mdomo macho yakiwa dirishani. Kwa hiyo:

Irabu mbili zinazofuatana kwa mpangilio wa a-e-i-o-u zisikae jirani. Mstari mzuri: *mo, ka, li, su, te, wa, po, ndi, ya, chu.*

Irabu peke yake ziwemo, maana silabi ya *u* katika *mguu* huwapoteza wengi.

Katika 100, weka kama 65 za konsonanti moja na irabu, 5 za irabu tupu, na 30 za mwambatano (konsonanti zilizoungana): mb, nd, ng, ng', ny, nj, mw, kw, bw, ch, sh, na chache za th, dh, gh. Zilizo ngumu zisirundikwe mistari ya mwisho. Zikikaa mwisho, mtoto wa mwendo mdogo hazifikii, na wewe hutajua kama hazijui au dakika ndiyo imemkatisha.

Mstari wa kwanza uwe mwepesi kweli kweli, kwa sababu ndio unaoamua kama anaendelea au anasimamishwa.

Maneno bandia ndiyo kipimo kisichodanganyika hata kidogo, kwa kuwa hayawezi kukaririwa: *lepu, bofi, zupe, mbefi, kwefi, nyepu.* Mtoto anayesoma *meza* vizuri lakini *zeme* linamshinda hasomi silabi. Analitambua *meza* kama anavyolitambua tangazo la soda. Tahadhari moja: kabla ya kuchapa, wasomee watu watatu wa eneo hilo orodha yako. Neno lisilo na maana Kiswahilini linaweza kuwa neno la kawaida, au tusi, katika lugha ya pale. Darasa likicheka, dakika imekwenda.

#4 dawati_la_tatu

Naona mnapanga kama mradi wenye wapimaji kumi. Darasa la pili lina wanafunzi 90, mwalimu mmoja, kipindi dakika 30. Sehemu zote hizo ni dakika 15 kwa mtoto. Fanyeni hesabu.

#5 chaki_nyeupe

@dawati_la_tatu 90 × 15 ni dakika 1,350. Vipindi 45. Uko sahihi, haiwezekani, na asitokee mtu hapa kusema ni suala la kujituma.

Ndiyo maana uchujaji uje kwanza, kipimo kirefu baadaye na kwa wachache. Uchujaji ni ule wa ASER, upimaji wa kusoma wa nyumba kwa nyumba wa India, ulioanza 2005, ambao asasi ya Uwezo iliuleta Kenya, Tanzania na Uganda. Karatasi moja ina ngazi nne: silabi, maneno, aya, hadithi. Unaanza katikati, kwenye aya ya sentensi nne fupi:

Aya ikisomeka kwa mtiririko, makosa yasizidi matatu, mpe hadithi. Hadithi ikisomeka, yuko ngazi ya hadithi; ikishindikana, yuko ngazi ya aya.

Aya ikimshinda, rudi kwenye maneno. Achague matano, asome angalau manne. Akiweza, ngazi ya neno.

Maneno yakishindikana, silabi tano, nne sahihi. Zikishindikana, andika "bado".

Hakuna saa. Ni dakika 2 kwa mtoto, kwa hiyo watoto 90 ni dakika 180, vipindi 6. Ukichukua kipindi kimoja kila siku, wiki moja na siku moja. Wengine wanakuwa wananakili sentensi za ubaoni, na utazihitaji baadaye kwenye kupima kuandika. Kisha kile kirefu wafanyiwe walio "bado" na "silabi" tu, kwa sababu hao ndio ambao hujui wamekwama wapi hasa.

Sikio la darasa nalo ni tatizo. Mtoto wa kumi kwenye foleni ameshasikia hadithi mara tisa. Chapa karatasi A na B, uzibadilishe kwa zamu, na meza ya kupimia iwe nje ya mlango, mtoto akilipa darasa mgongo.

#6 dawati_la_tatu

Vipindi 6 sawa. Hapo tunaelewana.

#7 gredi_ya_pili

Salamu kutoka Kenya. Huku mazungumzo haya yamezoeleka tangu Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma, ilipoanza kote nchini mwaka 2015, kwa kuwa walimu wa gredi za chini walipewa vigezo: maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, ndipo mtoto ahesabiwe kuwa anasoma kwa ufasaha. Wapo waliodhani Kiswahili kimedharauliwa. Sivyo. Neno letu hubeba sentensi. *Nitakapowaona* ni neno moja lenye silabi saba. Mwingereza hulieleza kwa maneno manne au matano mafupi. Ukichukua kigezo cha Kiingereza ukakibandika kwenye Kiswahili, unamlaumu mtoto kwa kosa la sarufi ya mababu zake.

Kwa sababu hiyo hiyo, hadithi mbili zenye maneno 50 zinaweza zisilingane kabisa. Hesabuni silabi, msihesabu maneno peke yake. Hadithi ya *baba, mama, kuku, jiwe* ina silabi mbili kwa neno. Ukiweka *walimkimbilia* na *alipowakaribia*, wastani umepanda hadi tatu na kitu, na kasi itaanguka ingawa mtoto ni yule yule.

#8 silabi_mwambatano

@gredi_ya_pili asante. Kwa Tanzania kiwango kilichopendekezwa kilikuwa maneno 50 kwa dakika mwisho wa darasa la pili, pamoja na kujibu 80% ya maswali, yaani manne kati ya matano. Ile "pamoja na" ndiyo inayosahaulika kila mara.

#9 sikio_kwanza

Nakuja na upinzani kidogo. Kila mtu humu anahesabu maneno kwa dakika, na saa ina ubaya wake: mwalimu akijua kinachohesabiwa ni mwendo, atafundisha mwendo. Mnapata mtoto anayekimbia kama mchuuzi wa mnadani, koma na nukta hazioni, swali la kwanza hajui.

Kipimo kilichokosekana kwenye #1 ni ufahamu wa kusikiliza. Mpimaji asome hadithi fupi nyingine, maneno 30 hivi, mara moja, polepole, kisha aulize maswali matatu. Dakika 2. Bila hiyo huwezi kutafsiri sifuri ya ufahamu. Tazameni:

Anasikiliza na kuelewa, lakini hasomi silabi: tatizo ni herufi na sauti. Afundishwe kusoma.

Anasoma maneno 40 kwa dakika, hajibu swali, na hata akisomewa hajibu: tatizo ni Kiswahili chenyewe. Huyu ni yule ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kisukuma, Kimaasai, Kigogo, na Kiswahili amekutana nacho shuleni. Ukimrundikia silabi zaidi unampotezea mwaka. Anahitaji mazungumzo, hadithi za mdomo, majina ya vitu.

Anaelewa akisomewa, anasoma kwa shida sana, neno baada ya neno, na hajibu: akili yote imeishia kwenye kuunganisha silabi. Hapa ndipo kasi ina maana, na ndiyo sababu ya kuipima. Afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo umeshampotea.

Watoto watatu, sifuri moja, dawa tatu. Ukiangalia jedwali la alama tu wote ni "0/5".

#10 chaki_nyeupe

@sikio_kwanza nimekubali, naiongeza. Iwe kabla ya hadithi ya kusoma au baada?

#11 sikio_kwanza

Baada, na iwe na mada tofauti. Ukiitanguliza na zote zina kuku, atajibu maswali ya hadithi yako kwa kumbukumbu ya hadithi yangu.

#12 mama_wawili

Na mtoto anayesema *lafiki* badala ya *rafiki*? Amekosa au amepata?

#13 silabi_mwambatano

Amepata, ikiwa ndivyo anavyosema hata akiongea. Lafudhi si kosa la kusoma. Kabla ya kuanza, zungumza naye nusu dakika: anaitwa nani, ana ndugu wangapi, anapenda kula nini. Sikiliza r na l, th na s, dh na z, gh na g. Akisema *zambi* kwenye mazungumzo, *dhambi* akiisoma *zambi* ni sahihi. Asipochanganya anapoongea ila anachanganya anaposoma, hapo kata.

Ila kwenye imla hakuna msamaha huo. Tahajia ni moja: *rafiki*. Andika kosa, lakini liweke kwenye safu ya "lafudhi" ili usije ukamfundisha upya herufi anazozijua.

Na kosa la mpimaji: walimu wengi husahihisha lafudhi bila kujua. Mtoto anasoma, mwalimu anarudia neno "vizuri" chini ya pumzi. Huo ni msaada, na kipimo kimeharibika.

#14 imla_na_kalamu

Mada inasema kusoma NA kuandika, na hadi #13 kuandika kumepata mstari mmoja. Haya.

Kuandika kuna kazi tatu tofauti, na zikichanganywa hujui unapima nini.

Kunakili: macho na mkono. Imla: sikio, sauti, herufi. Kutunga: yote hayo pamoja na lugha. Mpe mtoto sentensi ile ile anakili, kisha siku nyingine umsomee kwa imla. Anayenakili bila doa na imla ikawa tupu, huyo anachora. Madaftari yake ni masafi kuliko ya wote, mwandiko wa kupendeza, vema nyekundu kila ukurasa, na hawezi kuandika jina la kaka yake. Huwa hagunduliki mpaka darasa la tatu.

Imla ya maneno nane inatosha:

*meza, kuku, mbuzi, nyumba, ng'ombe, mwalimu, chungwa, mtoto*

Namna ya kusoma: neno, kisha neno ndani ya sentensi fupi ("mbuzi – mbuzi anakula majani – mbuzi"), usubiri kama sekunde 15, uendelee. Usilivunje kwa silabi. Ukisema "m-bu-zi" umeshawaandikia, tena vibaya, kwa sababu *mbuzi* ni silabi mbili, mbu-zi. *Mtoto* ndiyo tatu, m-to-to. Hii huwachanganya hata walimu: m yenye kusimama peke yake (*mti, mtoto, mbwa*) na m iliyoungana na b mbele ya irabu (*mbuzi, mbegu*) hazihesabiwi sawa. *Mbwa* ni m-bwa.

Usahihishaji: acheni vema na kosa kwa neno zima. Hesabuni silabi. Orodha hii ina silabi 18 (2+2+2+2+2+3+2+3). Chukueni daftari la mfano:

*meza, kuku, buzi, nyuba, gobe, mualimu, chugwa, mtoto*

Kwa maneno ni 3 kati ya 8. Amefeli. Kwa silabi: 2, 2, 1, 1, 0, 2, 1, 3, jumla 12 kati ya 18. Na ukisoma makosa yenyewe unaona hana makosa sita. Ana mawili. Anadondosha ving'ong'o (sauti za puani, m na n) kwenye mwambatano (mb, ngw, hata ng'), *ng'ombe* imebeba hasara mara mbili kwa sababu hiyo hiyo, na *mw* anaiandika kama anavyoisikia, *mu*. Wiki mbili za mwambatano na huyu mtoto anasimama. Ile 3/8 ingemtupa kundi moja na asiyejua kuandika *ku*.

Kabla hamjaamua kuwa ni tahajia, hakikisheni ni tahajia. Msomee jozi, mdomo umeufunika kwa karatasi asisome midomo: *goma – ngoma, buni – mbuni, kaba – kamba*, na katikati uchanganye zinazofanana kabisa, *ngoma – ngoma*. Aseme "sawa" au "tofauti". Jozi 10. Asiyezitofautisha kwa sikio, peni haitamsaidia bado. Na kama anakosa hata jozi za wazi, rudieni mkiwa karibu naye hatua moja, kisha hatua nne. Tofauti ikiwa kubwa, mzazi aelezwe ampeleke kupimwa masikio.

#15 dawati_la_tatu

Na b kuwa d?

#16 imla_na_kalamu

Darasa la kwanza ni kawaida, usipige kengele. Angalia mambo mawili: je, anageuza hata anaponakili, na je, anageuza kila mara au mara moja moja? Mara moja moja kwenye imla ni kiganja kutozoea. Kila mara, hata kwenye kunakili, mpaka katikati ya darasa la pili, mfuatilie. Mara nyingi mzizi ni namna anavyoianza herufi: *b* huanzia juu kwa mstari, *d* huanzia kwenye duara. Simama nyuma yake utazame mkono ukitembea. Daftari lililokamilika halikuonyeshi mkono ulianzia wapi.

Nafasi kati ya maneno nayo ipimwe peke yake. *Ana kula*, *ame kwenda*, *nimama* kwa "ni mama". Mwenye kosa hili anajua kusoma na kuandika silabi, bado mpaka wa neno ndio haujui, na Kiswahili kina sehemu yake ya lawama: *ana kitabu* ni mawili, *anakula* ni moja, na sikio halisikii tofauti yoyote.

Kutunga: picha moja, dakika 10, "andika unachokiona". Sifuri hadi tatu kwa kila kitu: je, inasomeka na mtu mwingine, ina sentensi kamili, ina nafasi, ina herufi kubwa na nukta. Basi. Msiweke alama ya "ubunifu" darasa la pili, kila mpimaji atatoa yake.

#17 gredi_ya_pili

Jambo la maandishi yenyewe, maana wachapaji hutuponza. Tumieni hati ambayo *a* yake ni duara lenye mkia mdogo, kama mtoto anavyofundishwa kuandika. Ile *a* ya vitabuni yenye kofia juu ni herufi ngeni kwa wengi, na *g* ya macho mawili ndiyo mbaya zaidi. Ukubwa usipungue pointi 20, mistari iachane. Epukeni hati ambamo *I* kubwa na *l* ndogo ni fimbo moja.

Na mnaofunika karatasi kwa plastiki ili zidumu, kumbukeni watoto wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu. Plastiki inarudisha mwanga wa dirisha machoni. Kwao chapeni pointi 24 au zaidi, karatasi isiyong'aa, aketi mgongo ukielekea dirisha, aruhusiwe kuileta karatasi puani akitaka, na saa iwekwe kando: hesabuni usahihi tu.

#18 dawati_la_tatu

Afisa elimu kata anataka kuona "ongezeko" kati ya Machi na Oktoba. Nikitumia hadithi ile ile watakuwa wameikariri, nikibadilisha nitaambiwa ya pili ilikuwa rahisi. Nifanyeje?

#19 silabi_mwambatano

Zipimane hadithi zenyewe kwanza. Chagua watoto 20 wa ngazi mchanganyiko, ikiwezekana wa shule jirani. Kumi waanze na A kisha B, kumi waanze na B kisha A, siku hiyo hiyo. Wastani wa A ukiwa 30 na wa B 36, B ni nyepesi kwa maneno 6, na Oktoba "ongezeko" la 6 ni sawa na kusimama pale pale. Rekebisha hadithi au punguza tofauti hiyo kwenye hesabu, na uandike wazi kwamba umepunguza.

Na wapimaji nao wapimane. Wawili wamsikilize mtoto mmoja, kila mmoja na karatasi yake, bila kuchunguliana. Neno kwa neno, wakubaliane angalau 90%. Chini ya hapo kaeni muongee kabla ya kumgusa mtoto mwingine. Ugomvi karibu wote utakuwa kwenye kujirekebisha na kwenye zile sekunde 3. Wenye huruma huhesabu tatu mpaka saba.

Kwenye taarifa msitangulize wastani. Darasa la 80 lenye wastani wa maneno 22 linaweza kuwa na watoto 24 wenye sifuri na wengine wanaopaa. Andikeni kwanza sifuri ni wangapi, sehemu kwa sehemu. Wenye sifuri wakishuka kutoka 24 hadi 9, hiyo ndiyo habari ya kumwambia afisa, hata kama wastani umesogea kidogo tu.

#20 sikio_kwanza

@chaki_nyeupe nimerudi kwenye hadithi yako. Iko sawa kwa lugha, ila maswali yake yanajibika bila kusoma. Waulize watoto watano ambao hawajaiona kabisa: "Kuku alilia kwa nini?" Watasema mwewe. "Vifaranga walijificha wapi?" Chini ya mama yao, watajificha wapi kwingine? "Asha huwapa nini?" Chenga, pumba, mchele. Mtoto wa kijijini anapata 3 kati ya 5 kwa kujua kuku tu, na wa mjini asiyefuga anakosa hayo matatu. Umepima ufugaji.

Kanuni: jibu liwe ndani ya hadithi na lisiwe lile la kwanza kuja kichwani.

#21 chaki_nyeupe

Umenipata. Nimebadilisha mwewe kuwa paka, chenga kuwa makombo ya muhogo, na mbawa kuwa mtungi:

*Asha ana kuku mmoja. Kuku wake ana vifaranga saba. Kila asubuhi Asha huwapa makombo ya muhogo. Jana paka alikuja. Kuku alilia kwa sauti kubwa. Vifaranga walikimbia na kujificha nyuma ya mtungi wa maji jikoni. Asha alitoka mbio akarusha jiwe. Paka aliruka akaenda zake. Asha alihesabu vifaranga. Wote saba walikuwa salama.*

Maneno yamebaki 50 na maswali yanakaa pale pale: 9, 16, 24, 34, 50. Sasa anayebahatisha atasema mwewe, nasi tutajua.

#22 sikio_kwanza

Hapo sawa. Swali la tano likubali jibu lolote lenye maana ya "kujua kama wapo wote", kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Na kwenye karatasi ya mpimaji acha mstari mtupu chini ya kila swali, aandike alichosema mtoto neno kwa neno, si alama tu.